Mlima Rusengo na Gari la Betri

Kama kuna mtu aliyewahi kulitukana gari kuliko Emilian, dereva wa misheni ya Nyarwamba, basi mtu huyo hakuwa wa wilaya ya Ngara. Akiwa peke yake alilitukana kwa Kihangaza, akiwa na abiria alilitukana kwa Kiswahili, na mbele ya Sista Benedicta, mkuu wa hospitali ya misheni, alilitukana kimoyomoyo huku midomo ikimchezacheza. Ukimuuliza kosa la gari ni nini, alikuwa na jibu moja: linagoma pale pale unapolihitaji.

Hakuzaliwa na hasira hizo. Zamani alikuwa dereva wa lori la tani saba la chama cha ushirika, akisomba kahawa ya Ngara na pamba ya Biharamulo, na enzi hizo dereva wa lori alikuwa mtu. Alipisha nani barabarani? Hakuna. Milima aliijua kwa namna moja tu: unaanza kukanyaga moto ukiwa bado bondeni, unaupanda kwa hasira, na injini ikichemsha unasimama, unaimwagia maji, unaendelea na safari. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa, lori likaenda na waliovivunja, na Emilian akabaki na leseni safi mfukoni na umri wa miaka arobaini na sita.

Ndipo misheni ikamwita. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wameipelekea hospitali gari dogo la kubebea mizigo, lisilokunywa petroli wala dizeli. Lilikuwa na betri kumi na nane chini ya bodi, nazo zilijazwa usiku kucha kwa umeme wa maporomoko madogo yaliyo nyuma ya kanisa. Mbele viti viwili, nyuma bodi ya mbao, basi. Halikuwa na gia. Halikuwa hata na mlio, ila sauti nyembamba ya kuimba puani. Emilian alilizunguka mara tatu siku ya kwanza akitafuta rejeta, na alipoikosa akasema hili ni kitanda chenye matairi.

Aliyepewa kazi ya kulitunza alikuwa Halfani, fundi umeme wa misheni, kijana wa miaka thelathini na kitu kutoka zile familia za wafanyabiashara wa mjini Biharamulo ambao babu zao walitoka pwani. Halfani alimweleza mambo yote kwa utaratibu. Alimwonyesha sanduku la chuma lililofungwa nyuma ya kiti, lenye mapezi mapezi kama ya samaki mgongoni, akamwambia umeme wote wa kwenda kwenye mota unapitia humo.

"Usilikanyage sana mlimani, mzee wangu," alisema. "Likipata joto linajipunguzia nguvu lenyewe."

Emilian alimsikia vizuri tu. Lakini huyu alikuwa mtu wa nyaya, hajawahi kuvusha hata toroli mtoni, sasa amfundishe yeye kupanda mlima? Akaitikia "Sawa, fundi," kwa adabu zote, na maneno yakapita sikio hili yakatokea lile. Alichokichukua ni kimoja: kwamba lile sanduku ndilo moyo wa gari. Na moyo hauachwi wazi. Kwa Wahangaza kitu chenye thamani hufunikwa; maziwa hufunikwa, uji wa mgonjwa hufunikwa, mtoto mchanga hufunikwa mpaka puani. Mvua za vuli zilipoanza kurusha tope hadi ndani, Emilian alilivika sanduku lile majani makavu ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, akayafunga kwa kamba, kisha akatandika kipande cha blanketi juu yake. Alifanya kazi ile kwa mapenzi, na alipomaliza hapakuonekana hata pezi moja.

Tangu hapo gari likawa na tabia. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Likifika Mlima Rusengo, ambao ndio njia pekee ya kutoka misheni kwenda barabara kuu, linaanza kwa nguvu, halafu katikati taa ndogo nyekundu inawaka mbele ya usukani na gari linalegea. Halizimiki. Linatembea tu mwendo wa mtu anayetafuta sindano. Kule kwenye kibanda cha maporomoko palikuwa na taa nyekundu iliyowaka kila umeme ulipokuja vizuri, kwa hiyo Emilian aliiona taa ya gari akaamini kwamba umeme sasa unaingia wa kutosha, mvivu ni gari. Akakanyaga zaidi. Pedali ilifika chini kabisa na yeye bado anasukuma, mpaka kisigino kinauma. Wanawake wenye mitungi ya maji kichwani walimpita wakimwamkia, "Shikamoo, dereva," na akawaitikia marahaba bila kuwatazama usoni.

Yote hayo yangekuwa kichekesho tu cha Nyarwamba kama isingekuwa vita, na kama isingekuwa Bernardo.

Bernardo alikuwa mtoto wake wa pekee, miaka ishirini na mmoja, mrefu, mbishi, na fundi wa kupiga mluzi. Novemba 1978, redio iliposema nchi imevamiwa na daraja la Kyaka limevunjwa, alikwenda Mbuba kujiandikisha mgambo bila kumwuliza mtu. Alipokuja kuaga nyumbani, Emilian alipandwa na yale yaliyomkaa moyoni tangu mwaka 1974, siku ya operesheni ya vijiji, walipokuja watu na malori wakavunja nyumba yake ya Murukulazo mbele ya macho yake, migomba yake ikabaki inazaa bila mtu.

"Waliobomoa nyumba yangu leo wanataka na mwanangu," alisema. "Ukipanda lori lao, usinitafute nikuage."

Bernardo alimwinamia mama yake, Deodata, akamshika mikono, akatoka. Wiki tatu nzima za mafunzo yake kule Mbuba baba hakumtumia hata salamu. Si kwamba hakutaka. Kila asubuhi maneno yale yalimrudia mdomoni yakiwa machungu, na kila asubuhi alijiambia kesho nitakwenda. Kiburi cha dereva wa lori hakikuishia barabarani.

Halafu siku moja ya Desemba, yapata saa mbili asubuhi, mjumbe akaja misheni akihema: wanamgambo wanaondoka leo kwenda kaskazini kupitia Biharamulo, malori yatasimama njia panda ya juu ya Rusengo saa tatu kuchukua maharage yaliyochangwa na vijiji. Magari yote ya petroli ya wilaya yalikuwa yameshachukuliwa na jeshi. Maharage yalikuwa magunia kumi, yamejazana stoo ya misheni, na gari lililobaki lilikuwa moja.

Emilian hakungoja kutumwa. Alipakia magunia kwa mikono yake, akampitia Deodata nyumbani, akamwambia, "Panda, tunakwenda kumuaga mtoto." Deodata alimtazama kidogo, kisha akapanda na kifurushi chake cha viazi vya kuchemsha. Njiani Emilian alisema, bila kuulizwa, "Nitamwambia nilikosea." Alilirudia mara mbili. Kilomita tano za bondeni gari lilikwenda vizuri, na saa ya Sista Benedicta, aliyomwazima makusudi, ilionyesha tatu kasoro dakika ishirini na tano. Muda ulikuwepo wa kutosha na kubaki.

Mguu wa Rusengo aliuanza kama alivyozoea, pedali chini, anaupanda kwa hasira. Na leo hasira ilikuwa ya kweli. Gari likapokea vizuri, likapanda mita mia tatu, mia nne. Taa nyekundu ikawaka. Gari likalegea.

"Siyo leo," alisema Emilian. "Mshenzi wewe, siyo leo."

Akakanyaga. Akainuka kwenye kiti akasimamia pedali kwa uzito wake wote. Gari likazidi kupoa mwendo. Angeondoa mguu dakika tano tu, akakaa kimya, mlima ungekuwa wake. Lakini nani amwambie dereva wa lori kwamba njia ya kuwahi ni kusimama? Alipiga usukani kwa ngumi. Aliwaza kumwaga magunia, akaogopa. Kipindi kile mtu kutupa chakula cha askari angeitwa mhujumu uchumi kabla gunia halijagusa ardhi. Kwa mbele, juu, kwenye ukingo wa mlima, sasa walianza kuyaona malori matatu yamesimama, na watu wadogo wadogo wa kijani wamejaa ndani.

Deodata ndiye aliyeshindwa kuvumilia kwanza. "Nishushe."

"Litashika sasa hivi."

"Baba Bernardo, nishushe!"

Hakukuwa na haja ya kumshusha; alifungua mlango na kushuka likiwa linatembea, wala hakuyumba. Akafunga kanga vizuri kiunoni, akaanza kukimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwenye goti bovu, anakimbia mlimani na kifurushi cha viazi kifuani, na gari zima la mume wake linamfuata nyuma likishindwa kumfikia. Emilian alilia kwa hasira mle ndani, machozi kabisa. Angeruka akakimbia naye, lakini gari lisingesimama lenyewe kwenye mteremko ule, na maharage je? Akabaki amesimamia pedali.

Deodata alikuwa amebakiza hatua kama mia mbili malori yalipowashwa. Alipaza sauti. Yakageuka moja baada ya jingine yakashika njia ya Biharamulo, vumbi likafunika njia panda. Alipofika pale palikuwa na askari mmoja aliyeachwa na baiskeli kusubiri maharage ya lori la jioni. Gari lilifika nusu saa baadaye. Deodata alikuwa ameketi kwenye jiwe, viazi mapajani.

Tangu siku ile gari lilikuwa na maadui wawili. Deodata alikataa kulipanda, akawa anakwenda sokoni kwa miguu na goti lake, na akipishana nalo njiani anageuza uso. Emilian alikwenda kwa Sista Benedicta akamwambia alirudishe kwa wenyewe, huko kwao labda milima hakuna. Kwa kila aliyekuwa tayari kusikiliza, alisimulia jinsi gari la betri lilivyomnyima kumuaga mwanawe. Alisimulia mno. Watu walianza kubadilisha njia wakimwona.

Januari ukafika wakati wa Halfani kulikagua gari, kama alivyofanya kila baada ya miezi sita. Alivuta kiti mbele, akamwita Emilian.

"Mzee, hiki nini?"

"Nimeufunika moyo. Tope lilikuwa linaingia."

Halfani alilitoa blanketi, akakata kamba, akaanza kufungua majani ya mgomba, tabaka la kwanza, la pili, la tano. Ya ndani yalikuwa yamebadilika rangi kwa joto.

"Nyinyi huku ndizi za pombe ya rubisi mnaziivishaje?" aliuliza.

"Tunachimba shimo," alisema Emilian, akishangaa swali. "Tunaliwashia moto kidogo, tunaweka ndizi, tunafunika majani ya mgomba ili joto lisi..."

Hakumalizia. Halfani hakumcheka, na heri angemcheka. Alimketisha kwenye ubao wa gari akamweleza upya, taratibu, na safari hii maneno hayakupata pa kutokea. Umeme ukipita kwenye sanduku huacha joto. Yale mapezi kazi yake ni kulitupa joto hilo kwenye upepo. Ukiyafunika, joto halina pa kwenda. Na joto halipandi sawa na umeme: ukipitisha umeme mara mbili, joto linakuja mara nne. Vidude vya ndani ni vidogo, vikizidiwa vinaungua, na vikiungua havipatikani hata Dar es Salaam. Kwa hiyo aliyelitengeneza aliweka kipimo ndani yake. Joto likifika mahali fulani, sanduku linabana umeme lenyewe, taa inawaka kumwambia dereva apunguze, na likipoa linarudisha nguvu zote.

"Lori lako lilikuwa linachemsha, linakufa, unalimwagia maji," alisema. "Hili linakataa kufa. Ukilikanyaga wakati limechoka, unalizuia kupoa. Ungekanyaga nusu tu, hata na majani haya, pengine ungepanda Rusengo yote bila taa kuwaka."

"Nusu?"

"Nusu, mzee wangu."

Emilian aliomba apewe gari alijaribu. Akaweka magunia kumi ya mchanga, akaenda nalo Rusengo peke yake, mguu mwepesi kabisa, mapezi wazi. Lilipanda likiimba mpaka njia panda bila kulegea hata mara moja. Kwa saa ya Sista, aliyoiazima tena, dakika kumi na moja. Alizima, akashuka, akakaa kwenye jiwe lile lile la Deodata, na alilolitukana siku hiyo halikuwa gari.

Nyumbani hakusema. Deodata alipomwuliza fundi amefanya nini mbona gari limepona, alijibu kwamba amelisafisha. Miezi miwili akabeba jambo hilo tumboni, akiendesha vizuri kuliko alivyowahi kuendesha maishani, akiwahi kila mahali, na kila sifa aliyopewa ilimkera.

Barua ilikuja Machi, imepita mikono mingi, bahasha imechafuka kwa jasho. Deodata alikataa kusomewa. Alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima mwaka uliotangulia, ana cheti, na barua ya mwanawe ataisoma yeye. Alikaa mlangoni penye mwanga, kidole kwenye mstari, akisoma silabi baada ya silabi. Emilian alisimama nyuma yake. Yeye alisoma haraka, kwa hiyo maneno aliyafikia kabla ya kidole cha mkewe, akalazimika kuyangoja yamfikie na Deodata.

"Kwa baba na mama, shikamooni. Mimi ni mzima, mahali tulipo siruhusiwi kupataja. Siku ile pale njia panda niliwaona. Nilimwomba afande awangoje, akatoa dakika tano, kisha akaongeza tano. Nilimwona mama anakimbia. Baba, nilikuona umekaa kwenye gari linatembea nyuma ya mama, polepole. Wenzangu wakasema mzee yule hataki kufika. Niliwabishia, lakini nilikumbuka uliyoniambia. Sina kinyongo. Nimeandika ujue tu kwamba nilisubiri."

Deodata aliirudia mara mbili sentensi ya mzee asiyetaka kufika, akidhani amekosea kusoma. Kisha akageuka.

Emilian akamwambia. Yote, majani, blanketi, taa, mapezi, mchanga, dakika kumi na moja. Alisimulia akitazama ukutani. Deodata alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ungekanyaga kidogo tungefika."

"Tungefika mapema. Tungemkuta."

"Na ulijua tangu Januari." Sauti yake haikupanda. "Mimi nimelichukia gari miezi mitatu, natembea na goti hili, wewe unanitazama."

"Nilikutazama," alisema Emilian.

Deodata aliingia ndani. Emilian alidhani amekwenda kulia, lakini alirudi na daftari lake la kisomo na kalamu ya risasi, akaketi, akachana karatasi.

"Sema niandike. Wewe useme, mimi niandike, ili ajue mimi nimesikia."

Emilian akaanza. Akaanza na sanduku la chuma, umeme unapita, joto mara nne, akakwama, akarudi nyuma, akajaribu kueleza mapezi kwa mtu aliyekaa mahali pasipotajwa akisubiri kupigwa risasi. Kalamu ya Deodata ilisimama hewani muda wote huo.

"Karatasi ni moja," alisema. "Sema neno moja atakaloelewa."

Emilian alilitafuta kwa muda mrefu, akakosa jinsi ya kulinyoosha.

"Andika nilikanyaga mpaka mwisho," alisema. "Andika ndiyo maana lilikwenda polepole."

"Atasema unamdanganya."

"Najua. Andika."